Kiti kitupu ukumbini kina gharama, nani anailipa?

Juni 22, 2020, jumba la muziki la Liceu mjini Barcelona, Hispania, lilifungua tena milango yake baada ya kufungwa kwa sababu ya ugonjwa wa corona. Viti vyote 2,292 vilijaa na wanamuziki wanne wakapanda jukwaani. Lakini hapakuwa na hata mtu mmoja aliyeketi. Juu ya kila kiti palikuwa na mmea ndani ya chungu, uliotoka katika vitalu vya miche vya jirani, na onyesho lilipokwisha mimea hiyo ilipelekwa kwa wahudumu wa afya 2,292.

Wapo waliocheka. Hata hivyo, kwa mwenye ukumbi, mwandaaji wa tamasha, mama lishe na mkulima anayewauzia bidhaa, tukio lile lina fundisho. Kiti ni kama eka ya shamba. Ukikilaza bila kukitumia, kodi yake bado inadaiwa, umeme unalipwa na mlinzi anangoja mshahara wake. Tofauti ni kwamba eka iliyolala inaweza kupata rutuba mwakani, wakati kiti kilichokaa kitupu usiku wa leo hakiwezi kuuzwa kesho.

Ni ukweli usiopingika kuwa suala la watazamaji kuachiana nafasi lilizungumzwa zaidi kama suala la afya. Daktari alitaja umbali, serikali ikatoa amri, mwenye ukumbi akabandika karatasi kwenye viti. Lililosahaulika ni kuwa amri ya umbali ni amri ya kiuchumi pia, kwa kuwa inaamua ni bidhaa kiasi gani mfanyabiashara ataruhusiwa kuuza. Maoni yetu ni kwamba gharama ya kiti kitupu ni lazima ijulikane, na anayeibeba ajulikane, kabla tiketi ya kwanza haijauzwa. Pasipo hivyo, gharama hiyo huteremka hadi kwa mnyonge wa mwisho, naye mara nyingi ni mchuuzi mdogo na mkulima.

Msomaji anaweza kuuliza, kwa nini tufufue habari hizi leo? Shirika la Afya Duniani liliondoa hali ya dharura ya corona Mei 5, 2023, na kumbi zimejaa. Jibu ni kwamba milipuko haitumi barua. Mkoani Kagera tumeshuhudia ugonjwa wa Marburg mwaka 2023, na tena mwanzoni mwa mwaka 2025. Ni kweli magonjwa hayaambukizwi kwa njia moja, wala si kila mlipuko utadai watu waketi mbalimbali. Lakini yote yanatukumbusha kuwa amri ya afya huja bila kungoja msimu wa mavuno wala wa harusi. Mkulima mwerevu hutengeneza ghala kabla ya mvua.

Nusu ya viti si nusu ya watu

Kosa la kwanza la wengi ni kudhani kuwa kuachiana nafasi maana yake ni kuuza nusu ya viti. Hesabu haiko hivyo, na tuichukue taratibu.

Tuseme ukumbi una safu 20 za viti, kila safu ina viti 20. Jumla ni viti 400. Kiti kimoja kina upana wa karibu nusu mita. Amri inataka mita moja kati ya watu wasioishi nyumba moja. Hivyo kando kwa kando itabidi kuacha viti viwili vitupu, na ili mtu asipumulie kisogoni mwa mwingine, safu moja itumike na ya pili iachwe. Zimebaki safu 10.

Ukiuza kwa mtu mmoja mmoja, safu ya viti 20 itabeba watu saba tu. Ukumbi mzima ni watu 70. Hiyo si nusu, bali ni chini ya mmoja kati ya watano. Ukiuza kwa watu wawili wawili walioishi pamoja, safu itabeba jozi tano, yaani watu 10, na ukumbi watu 100. Ukiuza kwa familia za watu wanne, safu itabeba familia tatu na mwishoni itabaki nafasi ya jozi moja. Hao ni watu 14 kwa safu na 140 kwa ukumbi. Ukumbi ni uleule na umbali ni uleule, lakini mauzo yameongezeka mara mbili kwa kubadili tu namna ya kupanga.

Mkulima wa mahindi halioni hili kuwa geni. Maofisa ugani wamemfundisha kupanda sentimita 75 kwa 30 mbegu moja kila shimo, au sentimita 75 kwa 60 mbegu mbili kila shimo. Anajua kuwa nafasi si ardhi iliyopotea, na anajua kuwa kuhesabu mashimo ni jambo moja na kuhesabu mimea ni jingine. Shambani njia zote mbili humpa mimea ileile, karibu 44,400 kwa hekta. Ukumbini faida ni kubwa zaidi, kwa sababu nafasi huachwa kati ya kundi na kundi, si kati ya kila mtu na mwenziwe. Kadiri kundi linavyokuwa kubwa, ndivyo viti vitupu vinavyopungua.

Hata majumba makubwa ya Ulaya yalikutana na hesabu hii. Julai 23, 2020, jumba la London Palladium nchini Uingereza lilifanya onyesho la majaribio la mwimbaji Beverley Knight. Jumba lina viti zaidi ya 2,200, lakini watazamaji walikuwa wapatao 640 tu, pungufu ya theluthi moja. Mjini Berlin, Ujerumani, jumba la Berliner Ensemble lenye viti 700 liling'oa vingi na kubakiza karibu 200. Watu walishangaa kuona mapengo yale, lakini kuna busara ndani yake. Kiti kisichokuwepo hakimshawishi mtazamaji kukisogelea, na anayesimamia ukumbi hahitaji kugombana na mtu.

Hapa kwetu tuna nafuu ambayo Berlin haikuwa nayo. Kumbi zetu nyingi hutumia viti vya plastiki na meza zinazohamishika. Mwenye ukumbi hahitaji fundi wa kung'oa kitu. Anahitaji futi ya kupimia, chaki na saa mbili za kazi asubuhi. Vilevile, kamati zetu za harusi zimezoea kutoa kadi ya singo kwa mtu mmoja na kadi ya dabo kwa wawili. Hiyo tayari ni mauzo kwa makundi. Kinachohitajika ni kuongeza kadi ya familia, na kila kadi ioneshe namba ya meza badala ya kumwachia mgeni aketi atakapo.

Hesabu ya mwandaaji

Sasa tuingie kwenye fedha. Tuchukue mfano wa mwandaaji wa tamasha dogo la wilayani katika ukumbi wetu ule wa viti 400. Tuseme anakodi ukumbi kwa shilingi 600,000, bendi inataka 900,000, na matangazo, ulinzi, usafi na umeme ni 300,000. Jumla ni shilingi 1,800,000. Gharama hizi hazipungui hata kama ataingia mtu mmoja.

Kiingilio kikiwa shilingi 10,000, anahitaji watu 180 ili arudishe fedha zake. Ukumbi ukijaa anapata 4,000,000, na baada ya gharama anabaki na 2,200,000. Amri ya umbali ikija na akauza kwa mtu mmoja mmoja, watu wake 70 watampa 700,000. Amepoteza 1,100,000. Akiuza kwa familia, watu 140 watampa 1,400,000, na hasara yake inashuka hadi 400,000. Bado ni hasara.

Hapo wengi hukimbilia kupandisha kiingilio. Kwa watu 140, akipandisha hadi shilingi 13,000 amerudisha fedha zake. Kwa watu 70 itambidi atoze karibu 26,000. Swali la kujiuliza ni kama mteja wa wilayani, ambaye naye kipato chake kimeyumba kwa sababu ya mlipuko huohuo, atakubali kulipa bei ya viti viwili na nusu ili aketi kwenye kimoja. Mara nyingi hatakubali, na mwandaaji atakuwa na ukumbi mtupu kwa sababu mbili badala ya moja.

Ipo njia nyingine, nayo ni kufanya maonyesho mawili kwa siku moja, la saa 8 mchana na la saa 12 jioni. Ukumbi umeshakodiwa kwa siku nzima na matangazo ni yaleyale. Tuseme bendi inaongezwa kidogo na usafi wa katikati unalipiwa, jumla nyongeza ya 400,000. Gharama zote zinakuwa 2,200,000. Watu 140 mchana na 140 jioni ni watu 280, ambao kwa kiingilio kilekile cha 10,000 wanaleta 2,800,000. Hasara imegeuka kuwa faida ya 600,000. Si faida ya ukumbi uliojaa, lakini ni afadhali ya mtaji kubaki hai.

Takwimu hizi ni za mfano, na kila mmoja abadilishe kwa bei za mahali pake. Kanuni ndiyo isiyobadilika. Kwanza jua gharama zisizopungua. Pili jua idadi ya watu ambao ukumbi utabeba baada ya umbali kuzingatiwa, si kabla. Tatu gawanya. Jibu likiwa ni bei ambayo jirani yako hawezi kulipa, usichapishe tiketi.

Nani alilipa kwingine

Majirani zetu wa Kenya waliliona jambo hili barabarani. Machi 2020 serikali yao iliamuru matatu ya abiria 14 isizidishe abiria wanane, na gari la abiria 25 lisizidishe 15. Kwa hesabu ya kawaida, ili gari la viti 14 lipate mapato yaleyale kwa watu wanane, nauli ya shilingi 40 inatakiwa kufika 70. Nauli zilipanda katika njia nyingi, na hali hiyo iliendelea hadi Agosti 2021 magari yaliporuhusiwa kujaza viti tena. Aliyelipa kiti kitupu ni abiria, akiwemo mama anayepeleka mboga sokoni alfajiri.

Dar es Salaam mambo yalikuwa tofauti kidogo. Mwaka huo wa 2020 daladala zilitakiwa kubeba abiria waliokaa tu, jambo ambalo wananchi waliliita level siti. Viti vyote viliuzwa, na kilichopotea ni mapato ya waliokuwa wakisimama. Hapo mzigo ulimwangukia zaidi mwenye gari pamoja na dereva na konda wake, ambao hesabu ya jioni inawasubiri.

Uingereza ilichagua njia ya tatu. Julai 2020 serikali ilitangaza mfuko wa pauni bilioni 1.57 kwa ajili ya sanaa, utamaduni na urithi, yaani mlipa kodi alichangia gharama ya viti vitupu. Sisi hatuna uwezo wa kiasi hicho, na si busara kumwahidi mfanyabiashara kile ambacho hazina haina. Lakini halmashauri zinamiliki kumbi, viwanja na maeneo ya maonyesho. Zinaweza kutoza kodi ya ukumbi kwa idadi ya viti vilivyoruhusiwa badala ya idadi iliyoandikwa ukutani. Kama serikali yenyewe ndiyo imezuia viti 260 visiuzwe, haileti mantiki kuvidai kodi.

Mfano mwingine wa Uingereza unagusa moja kwa moja fedha za mteja. Agosti 2020, nje kidogo ya mji wa Newcastle, ulifunguliwa uwanja wa muziki uliokuwa na majukwaa madogo 500 ya chuma, kila moja likichukua watu wasiozidi watano wanaofahamiana. Mfugaji angeyatazama angeona mazizi yaliyotenganishwa kwa uzuri. Watu 2,500 waliweza kusikiliza muziki bila kugusana na jirani. Mpango ulikuwa mzuri, lakini Septemba mwaka huohuo masharti mapya yaliwekwa katika eneo hilo na maonyesho yaliyobaki yakafutwa.

Fundisho ni kwamba mpango mzuri wa viti haukukingi na amri ya kesho. Mwandaaji anayeuza tiketi mapema amekopa kutoka kwa wateja wake. Fedha hiyo si yake hadi taa za jukwaa zitakapowashwa. Anayeitumia yote kulipa utangulizi wa bendi na mafuta ya gari, siku ya kufutwa hana cha kurudisha. Tunashauri fedha za tiketi ziwekwe akaunti ya peke yake, bendi ilipwe utangulizi mdogo kwa maandishi, na kwenye tiketi yenyewe iandikwe wazi: onyesho likiahirishwa, mteja atarudishiwa fedha au atatumia tiketi hiyohiyo siku nyingine. Mteja aliyerudishiwa shilingi 10,000 yake bila usumbufu atarudi, na wa pili aliyezungushwa atawaambia kumi.

Mlangoni kuna hatari kuliko kitini

Jambo lingine ambalo waandaaji hulikosea ni kupima nafasi kati ya viti kwa uangalifu mkubwa, kisha kuwaacha watu wasukumane mlangoni. Agosti 22, 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Halle nchini Ujerumani waliandaa tamasha la majaribio mjini Leipzig, wakaja watu wa kujitolea zaidi ya 1,200 wakiwa wamevaa vifaa vya kupima nani alikaribiana na nani. Walibaini kuwa watu hukaribiana zaidi wakati wa kuingia na wakati wa mapumziko kuliko wakiwa wameketi, na kwamba ukumbi usiopitisha hewa vizuri huongeza hatari kwa kiasi kikubwa. Ushauri wao ulikuwa kufungua milango mingi, kuwa na mpango wa viti, chakula kiliwe mtu akiwa kitini na hewa izunguke.

Haya yote yanafanyika bila gharama kubwa. Tiketi ioneshe safu, kiti na saa ya kuingia. Wanaoketi mbali na mlango waingie kwanza, ili mtu asimpite mwenzake aliyekwisha keti. Wakati wa kutoka iwe kinyume, walio karibu na mlango waanze na wa mbali wamalizie. Mlango wa kuingilia usiwe wa kutokea. Madirisha yafunguliwe saa moja kabla, na katikati ya maonyesho mawili ukumbi uachwe wazi wakati viti vinafutwa. Mkaguzi wa tiketi asichane wala asishike, mteja aioneshe tu. Na awepo mtu mmoja mwenye mamlaka ya kumwambia hata mheshimiwa kwamba kiti kile hakikaliwi. Bila mtu huyo, chaki yote ya asubuhi ni kazi bure.

Kwa mama lishe na muuza vinywaji, habari njema ni kwamba mapumziko yakifutwa biashara si lazima ife. Foleni ya kaunta ndiyo inayokufa. Mteja aagize chipsi, ndizi choma au juisi anaponunua tiketi, alipe hapohapo, na sahani ipelekwe kwenye namba ya kiti chake. Mama lishe naye ananufaika. Anajua tangu juzi yake kuwa atauza sahani 90 wala si 200, hivyo hanunui kuku wa kubahatisha wala hatupi wali usiku.

Mkulima aulize idadi ya viti

Tumalizie kwa mkulima, ambaye katika mjadala huu hutajwa mwisho ilhali hasara humfikia mapema. Kuku wa nyama hukua kwa wiki tano hadi sita. Mfugaji anayeingiza vifaranga 300 leo amefanya uamuzi kuhusu ukumbi utakaojaa mwezi ujao. Ukumbi ukipunguzwa kutoka watu 400 hadi 140, oda ya kuku nayo inashuka kwa uwiano huohuo. Kuku hawajui amri ya umbali. Kila siku wanayobaki bandani baada ya kukomaa wanakula faida iliyobaki. Wakulima wa maua wa Kenya walilijua hili Machi 2020, pale masoko ya Ulaya yalipoanguka, hafla zikafungwa na waridi zikatupwa. Ua lililochanua halina subira.

Hivyo basi, mkulima au mchuuzi anayeuzia kumbi asiridhike kuuliza kama sherehe ipo. Aulize viti vingapi vimeruhusiwa na tiketi ngapi zimeshauzwa. Akubaliane na mnunuzi kwa maandishi juu ya oda ya chini kabisa ambayo italipwa hata hafla ikipunguzwa, na siku ya mwisho ya kubadili oda iwe kabla ya vifaranga kuingia bandani au mboga kuvunwa. Mnunuzi anayekataa sharti hilo anamwambia mkulima kwamba hatari yote ni yake, na ni heri kulijua hilo mapema.

Tunatoa rai kwa halmashauri, wakati huu ambapo hakuna amri yoyote na vichwa vimetulia, zipime kumbi zao na kuandika idadi mbili kwa kila ukumbi, ya kawaida na ya wakati wa kuachiana nafasi, pamoja na kodi ya kila hali. Wenye kumbi binafsi wafanye vivyo hivyo na waingize kipengele hicho katika mikataba ya kukodisha. Waandaaji waanze sasa kuuza kwa makundi na kuweka fedha za tiketi pembeni, kwa kuwa ni utaratibu mzuri hata wakati wa neema. Ni kazi ya mchana mmoja kwa kila ukumbi, na itakayeilipa isipofanywa ni banda la kuku lililojaa na jiko la mama lishe lililozimika.